Betri Ilale Kwangu

Siku waliyokwenda kununua mashine ya kukata nyasi, Arlyn Postema alipiga magoti kando ya kitanda kabla hata ya kuvaa viatu, akamwomba Mungu jambo lile lile alilokuwa akiliomba tangu mwanawe aachane na mkewe: Curtis arudi kukaa na wazazi wake kanisani, kwenye benchi lao la upande wa madirisha. Hakuomba zaidi ya hapo. Arlyn aliamini kwamba ukiomba mambo mengi kwa pamoja, wewe mwenyewe unasahau uliomba nini.

Curtis alikuwa na miaka arobaini na mbili. Nyumba yake ya zamani ilibaki kwa Danielle na binti yao Tessa, na mashine ya kukata nyasi ikabaki kwenye gereji ya nyumba hiyo. Theluji ilipoisha alipata kijumba mwisho wa mtaa wa wazazi wake, hapo hapo mjini Zeeland. Uwanja wake ulikuwa umetelekezwa na mwenye nyumba wa zamani, na mwezi wa tano ulipoingia, nyasi za nyuma zilikuwa zimefika magotini. Sasa katika ukoo wa akina Postema, baba ndiye anayemnunulia mwana mashine ya uwanja wake. Hakuna aliyewahi kuitunga sheria hiyo, lakini babu alimnunulia baba, baba akamnunulia Arlyn, na Arlyn alimnunulia Curtis ile iliyobaki kwa Danielle. Kununua mara ya pili haikuwa desturi. Lakini Arlyn aliona kwamba huu ni mlango ambao Mungu ameufungua, naye hakutaka kuupita.

"Mwache achague mwenyewe," Winnie, mkewe, alimwambia alipokuwa akitafuta ufunguo wa gari.

"Mimi namsindikiza tu."

"Nakujua wewe na kusindikiza kwako."

Dukani mashine za betri zilikuwa zimepangwa mstari mrefu, za kijani, za machungwa, nyeusi na nyekundu, zote zimekunja mishikio na kusimama wima kama viti vya ukumbini baada ya mkutano. Arlyn alizitazama kwa wasiwasi. Maisha yake yote alikata nyasi kwa mashine ya petroli, ile ya kuvuta kamba mpaka bega linauma, na moyoni aliamini kwamba kitu kisichonuka mafuta hakiwezi kuwa na nguvu.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, kibandiko cha kifuani kimeandikwa Rhonda. Alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kuonyesha.

"Uwanja ni mkubwa kiasi gani?"

"Wa kawaida," Curtis alisema. "Robo ekari hivi. Nyuma kuna mteremko unaoshuka kwenye mtaro."

"Mteremko mkali?"

"Siyo mkali. Lakini ukiteleza utafika mtaroni bila kupenda."

Rhonda akacheka. "Basi usichukue hii ndogo. Ni nyepesi, bei yake nzuri, ila kwenye mteremko utaisukuma mpaka uitukane. Chukua ambayo magurudumu yanajiendesha. Vifaa vingine vya betri unavyo? Drili, msumeno? Maana betri za kampuni moja haziingii kwenye vifaa vya nyingine. Watu wengi wanakosea hapo, wanajaza gereji chaja za kila rangi."

"Drili nilikuwa nayo," Curtis alisema. "Ilibaki."

Rhonda hakuuliza ilibaki wapi. Alishusha moja ya kijani, akachomeka betri, akawaongoza mpaka nje kwenye maegesho. Pale alibonyeza kitufe, akavuta kishikio, na mashine ikaanza kunguruma kwa sauti ndogo, kama feni ya chumbani. Curtis akainama, akageuza kichwa ili sikio lake la kulia liwe karibu. Sikio la kushoto lilikuwa limeharibiwa na mashine za kupinda vyuma pale kiwandani kwao, wanapotengeneza viti vya ofisi. Alisikiliza muda mrefu kuliko mtu anayenunua mashine anavyopaswa kusikiliza.

"Hii ndiyo ninayoitaka," alisema. "Haina kelele."

"Kisu chake vipi?" Arlyn aliuliza. "Majani marefu itayaweza?"

"Itayaweza, mzee," Rhonda alisema. "Mara ya kwanza kipandishe juu, mara ya pili kishushe. Halafu ina betri mbili. Moja ikiisha unachomeka ya pili, unamaliza."

"Nitakata Jumapili," Curtis alisema, kama anayejisemea.

Arlyn alidhani hakusikia vizuri. "Utakata lini?"

"Jumapili mchana, Baba. Baada ya chakula."

"Basi hapo umechagua vizuri," Rhonda alisema kwa utani, akizima mashine. "Hata jirani aliyelala kwenye kibaraza chake hatajua."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Arlyn. Kwao, Siku ya Bwana nyasi hazikatwi. Gari halioshwi, nguo hazianikwi, na mtu akishika nyundo Jumapili, mtaa mzima unajua kabla msumari haujaingia. Arlyn mwenyewe aliwahi kuziacha nyasi zinyeshewe wiki nzima kwa sababu Jumamosi alikuwa mgonjwa na Jumapili hakutaka kukata. Na sasa mwanawe alikuwa amesimama mbele ya mwanamke asiyemjua, anachagua mashine kwa sababu haisikiki.

"Una asubuhi zako zote," alisema. "Unaingia kazini mchana. Jumatatu mpaka Jumamosi asubuhi ni zako. Kwa nini Jumapili?"

"Kwa sababu Jumapili Tessa anakuwa kwangu, na mimi naye..."

"Tessa aje kanisani. Mlete kanisani, mkae na sisi. Unataka mashine ya kujificha, Curtis. Jirani humfichi, na aliye juu ya jirani ndiyo kabisa."

Curtis alifungua mdomo, akamtazama Rhonda, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na kifuniko cha betri, kisha akaufunga. "Sawa, Baba," alisema.

Arlyn alilipa. Walipokuwa barabarani, boksi likiwa nyuma ya gari na mashamba yakipita pande zote mbili, alitoa uamuzi wake kwa sauti ya upole, kwa kuwa aliona ni uamuzi wa upole.

"Mashine ikae kwako. Betri ilale kwangu."

"Kivipi?"

"Chaja nitaifunga ukutani kwenye gereji yangu. Ukitaka kukata, unapita, unachukua betri, ukimaliza unarudisha. Gereji yako haina umeme."

"Jikoni kwangu kuna umeme, Baba."

"Betri haiwekwi jikoni."

Curtis alitazama nje. "Na Jumapili?"

"Jumapili ni Jumapili."

Curtis akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Nina miaka arobaini na mbili. Unaniwekea betri kama mtoto anayefichiwa peremende juu ya kabati."

"Peremende ulikuwa unazifikia hata hizo."

"Nilikuwa napanda kwenye kiti."

Wote wawili wakacheka, na Arlyn akachukulia kwamba jambo limekwisha.

Na kwa kweli mwanzoni lilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Curtis alipita asubuhi kuchukua betri, na kwa kuwa amepita, Winnie alimwekea kahawa, na kwa kuwa kahawa ipo, alikula mkate wenye nyama ya nguruwe akiwa amesimama mlangoni, na ufunguo wa gari mkononi. Alimwita baba yake mlinzi wa betri. "Mlinzi, habari za zamu?" alikuwa akisema akiingia gerejini. "Salama," Arlyn alijibu. "Hakuna aliyejaribu kuvunja." Kisha alichomoa betri kwenye chaja, taa yake ya kijani ikiwa inawaka, na kumkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

Ilikuwa miaka mingi tangu amwone Curtis mara nyingi namna hiyo. Walizungumza habari za mvua, habari za msimamizi mpya wa kiwandani ambaye hakuna anayempenda, habari za mteremko na mtaro. Jioni Arlyn alimshukuru Mungu kwa ajili ya chaja ile. Aliona jinsi njia ilivyokuwa ikinyooka: leo kahawa, kesho kutwa chakula cha mchana, halafu benchi. Hakuona sababu ya kumharakisha Mungu.

Mwezi wa sita ulileta mvua mfululizo, nyasi zikakua kwa fujo, na Curtis akawekewa saa za ziada kiwandani. Ijumaa moja jua lilipotoka, Arlyn mwenyewe alichukua betri zote mbili, akatembea mpaka mwisho wa mtaa, akakata uwanja wa mwanawe wote, mbele na nyuma, mistari imenyooka kama ya shamba. Ilibidi akiri kwamba mashine ni nzuri. Haikumtikisa mikono, na alipokuwa akikata alisikia ndege, jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani akiwa nyuma ya mashine ya nyasi. Alimaliza, akaisafisha, akarudi nyumbani na betri zake.

Jumapili hiyo, baada ya ibada na baada ya supu ya njegere, Marv Brink alikuja kunywa kahawa. Marv alikuwa mzee wa kanisa na jirani wa mbele ya nyumba, mtu mnene mwenye sauti ya chini, ambaye kwa miaka mingi alizoea kuvuka barabara Jumapili mchana na kukaa jikoni kwa akina Postema mpaka kipande cha mwisho cha keki ya lozi kiishe. Walikuwa wanazungumzia mahubiri wakati mlango wa nyuma ulipogongwa na Curtis akaingiza kichwa.

"Habari, Marv. Mama. Baba, naomba betri."

Arlyn aliweka kikombe chini. Kupitia dirishani aliiona mashine imesimama kwenye njia ya gari, na pembeni yake Tessa, mwenye miaka kumi na mmoja na miguu mirefu, ameshika mshikio kwa mikono miwili na kutazama viatu vyake.

"Leo ni siku gani?" Arlyn aliuliza.

"Najua siku, Baba."

"Na nyasi zako nimezikata juzi. Fupi kabisa."

"Nimeona. Asante sana."

"Sasa unakwenda kukata nini?"

Curtis alimtazama Marv, akatazama nje alikokuwa mtoto, akarudisha macho. "Nusu saa tu," alisema. "Nitairudisha mwenyewe."

Kama Curtis angekasirika, Arlyn angejua la kufanya. Lakini aliomba kwa utulivu, kama mtu anayeomba maji, na utulivu huo Arlyn akauona ni ujeuri. Nyasi fupi, siku ya Bwana, mzee wa kanisa amekaa mezani, halafu mtu mzima anataka betri. Aliona anajaribiwa hadharani.

"Njoo kesho," alisema. "Kesho asubuhi na mapema, nitakuwa nimeshaifungua gereji."

"Kesho Tessa hayupo."

"Betri itakuwepo."

Curtis akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama aliyepokea maelekezo ya njia. "Haya, Baba. Mbaki salama." Mlango ukajifunga bila kishindo. Arlyn aliwaona wakiondoka, baba akiisukuma mashine na mtoto akitembea upande wa pili wa barabara, amebana mikono mifukoni.

Winnie alikuwa kwenye sinki. "Ungempa," alisema bila kugeuka.

"Winnie."

"Nasema tu."

Marv alikata keki, akatafuna, akanywa kahawa. "Hivi hizi mashine za betri zina kelele?" aliuliza.

"Hazina."

"Aa," Marv alisema. Akanywa tena. "Mimi mchana huwa nasinzia. Siku hizi sisikii kitu." Kisha akaanza kuzungumzia paa la ukumbi wa kanisa, lililokuwa likivuja.

Arlyn alikumbuka maneno hayo ya Marv baadaye, wakati hayakuwa na faida tena. Mchana ule aliyaacha yapite.

Jumatatu aliifungua gereji alfajiri. Alikaa kwenye kigoda, akasoma kitabu chake cha sala, akaanza kusoma gazeti. Taa ya chaja ilikuwa ya kijani. Curtis hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano Arlyn alirudi kutoka kwa daktari wa meno na kukuta mashine imesimama ndani ya gereji yake, imekunjwa, imefutwa vumbi, hakuna hata jani moja lililonasa kwenye kisu. Alhamisi gari la watu wanaokata nyasi kwa malipo likasimama mwisho wa mtaa, vijana wawili wakashuka na mashine zao za petroli, na kelele ikafika mpaka kwenye chumba cha kulala cha Arlyn.

"Kakasirika," alimwambia Winnie. "Itapita."

"Umempigia?"

"Yeye ndiye aliyeondoka bila kunywa kahawa."

"Nimekuuliza umempigia?"

Hakumpigia. Alijiambia kwamba anamwachia Mungu nafasi, na aliamini hivyo kwa moyo wote. Aliomba zaidi kuliko mwanzo. Lakini alipofumba macho, badala ya kuliona benchi aliuona mlango wa nyuma na Marv mezani, na lilikuwepo swali ambalo kila mara alilipita haraka: Marv asingekuwepo, angempa? Siku moja, katikati ya sala, hakuweza kulipita. Jibu lilikuwa kwamba angenung'unika, angesema maneno mawili matatu, kisha angeinuka na kwenda gerejini. Angempa. Kwa hiyo siku ile hakuilinda siku ya Bwana. Alilinda sura yake mbele ya Marv. Alibaki magotini mpaka miguu ikafa ganzi, akaamua kwamba kesho atakwenda mwisho wa mtaa na kuzungumza na mwanawe.

Kesho yake alipofika, alikuta kibao cha kuuza nyumba kimechomekwa katikati ya nyasi.

Curtis alieleza kwa ufupi, akiwa amesimama kibarazani. Danielle alikuwa amepata kazi Fort Wayne, mji wa jimbo jingine, kwenye hospitali, na angehama na Tessa kabla ya shule kufunguliwa. Kama yeye angebaki Zeeland, angemwona mtoto sikukuu kwa sikukuu. Kwa hiyo ameomba kazi kwenye ghala moja la huko, wamemkubalia.

"Hukuniambia," Arlyn alisema.

"Nilimwambia Mama."

Arlyn alikuwa amekuja na maneno yake aliyoyapanga njiani. Badala yake aliuliza kama nyumba imepata mnunuzi, Curtis akasema bado, wakazungumzia bei za nyumba kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi ya joto kali. Arlyn alifika mapema kusaidia, akabeba maboksi mepesi kwa sababu Curtis hakumruhusu kubeba mazito. Gari la mizigo lilipokaribia kujaa, alikwenda nyumbani mbio mbio, akarudi akiisukuma mashine ya kijani, betri zote mbili na chaja zikiwa kwenye mfuko begani. Skurubu za ukutani alikuwa amezifungua usiku uliopita. Alikuwa anahema.

"Ipakie," alisema. "Na hizi pia. Zote. Chaja ikae kwako. Kata siku unayotaka."

Curtis aliitazama mashine, kisha mfuko, kisha baba yake, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Arlyn hakuwa ameiona tangu mwezi wa sita.

"Ni fleti, Baba," alisema. "Ghorofa ya tatu. Hakuna nyasi."

Arlyn aliendelea kushika mfuko. "Hata kidogo?"

"Zipo za mwenye nyumba. Ana watu wake."

Wakakaa kwenye ngazi za nyuma ya gari, mashine mbele yao. Curtis alifungua chupa mbili za maji, akampa moja. Wakanywa. Ndipo Arlyn akauliza swali ambalo jibu lake angelipata kule dukani kama angemwacha mwanawe amalize sentensi yake.

"Siku ile nyasi zilikuwa fupi. Ulitaka kukata nini?"

Curtis alizungusha kifuniko cha chupa vidoleni. "Tessa haongei na mimi," alisema. "Tangu tuachane na mama yake. Anakuja, anakaa, namuuliza habari za shule, anasema nzuri. Namuuliza unataka kula nini, anasema chochote. Siku nzima. Nimempeleka ziwani, nimempeleka kula pitsa, ni nzuri na chochote, basi. Sasa mwezi wa nne, Jumapili moja, niliazima mashine ya betri kwa Lamar wa kazini, nijaribu kupunguza ule msitu wa mbele. Tessa akataka kusukuma yeye. Nikamwachia, nikawa natembea pembeni, upande wa sikio langu zima. Mara nasikia anaongea."

"Anaongea nini?"

"Kila kitu. Rafiki yake aliyeacha kumsalimia. Mama yake analia kwenye gari akidhani yeye amelala. Akaniuliza kama sisi kuachana ni kwa sababu yake. Haniangalii, anaangalia nyasi tu, na anaongea. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa simtazami. Na mashine ilikuwa haina kelele, kwa hiyo nilimsikia. Ya petroli nisingemsikia hata angepiga ukelele." Alikunywa maji kidogo. "Tulimaliza uwanja wa mbele, nikaona bado anaongea. Nikamwambia, turudie, pale hatukukata vizuri. Tukakata upya nyasi zilizokwisha kukatwa. Yeye anajua zimekatwa na mimi najua zimekatwa."

Mbele ya nyumba mtu alipita na mbwa, akawapungia mkono, Curtis akampungia.

"Tulipokuja kwako ile Jumapili," Curtis aliendelea, "nilipomchukua asubuhi kwa mama yake aliniambia ana jambo la kuniambia. Nikamwambia niambie. Akasema, tukikata."

"Jambo gani?"

"Sijui, Baba. Tulirudi nyumbani, akachukua simu yake, akakaa. Sikuwahi kulijua."

"Mbona hukusema? Ungesema tu neno moja pale mlangoni."

"Mbele ya Marv? Na yeye amesimama nje anatusikia?" Curtis alisema bila ukali. "Dukani nilianza kusema."

"Ulianza," Arlyn alikubali. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe," Curtis alisema, akainuka, kwa sababu gari lilikuwa la kukodi na lilitakiwa kurudishwa mapema. Alimkumbatia baba yake kwa nguvu. Lakini alipofunga milango ya nyuma aliifunga haraka, kama mtu ambaye mawazo yake yameshafika anakokwenda.

Arlyn aliirudisha mashine gerejini kwake. Aliitumia kwenye uwanja wake mwenyewe kiangazi chote kilichobaki, akauza ile ya petroli. Asubuhi za kukata nyasi alisikia ndege, milango ya majirani, watoto wakiitana. Wakati mwingine alifika mwisho wa uwanja na kugeuka na kuanza upya juu ya mistari ile ile, kisha akajikuta hajui kwa nini, akaizima.

Winnie ndiye aliyezungumza na Curtis kwa simu zaidi. Arlyn alipewa simu mwishoni, wakaulizana hali ya hewa. Hakuacha kuomba, ila sala yake ilikuwa imepoteza umbo. Benchi aliona aibu kulitaja. Alimwomba Mungu ampe Tessa mtu wa kumsikiliza, akiishia hapo mara nyingi, maana kila alipotaka kuendelea alijiona yeye mwenyewe amesimama katikati ya ombi.

Mwezi wa kumi, Jumamosi jioni, alishika simu na kumpigia Curtis yeye mwenyewe. Walizungumza habari za ghala, habari za lifti ya fleti inayoharibika kila wiki.

"Kesho asubuhi, kabla hatujaenda ibadani, nitakupigia tena," Arlyn alisema, "mama yako anataka kumsalimia Tessa."

"Piga mchana, Baba. Asubuhi tunakuwa kanisani."

Arlyn alikaa kwenye kiti. "Mnakwenda kanisani?"

"Liko karibu, tunatembea. Tessa alialikwa na mwenzake wa shule, akaniomba nimsindikize. Nikabaki. Sasa ni wiki kadhaa."

"Na Tessa... anaongea?"

"Siku hizi anaongea kidogo. Tukiwa njiani kurudi."

"Alikwambia lile jambo?"

"Nilimuuliza. Alisema amesahau."

Arlyn akasema kile alichokuwa nacho moyoni. "Curtis. Jumapili mojawapo, mimi na mama yako tunaweza kuja? Tukae na nyinyi. Tutakuja na kuondoka, hatutalala."

Kwenye simu Arlyn alisikia televisheni ya majirani wa Curtis, kisha sauti ya msichana ikiuliza kitu kwa mbali na Curtis akimjibu.

"Tutaona, Baba," Curtis alisema. "Siyo sasa. Ndiyo kwanza ameanza kuzoea. Nisimjazie watu."

"Sawa. Nimeelewa."

"Siyo kwa ubaya."

"Najua, mwanangu. Nimeelewa kabisa."

Alipoingia jikoni, Winnie alikuwa anamenya viazi. Alimwambia kwamba Curtis na Tessa wanakwenda kanisani kila Jumapili, kwa miguu, kanisa liko karibu. Winnie akaweka kisu chini, akafunika mdomo kwa mkono uliolowa, macho yakamjaa machozi.

"Muda wote huu unaomba," alisema. "Amekusikia, Arlyn. Ona jinsi alivyokusikia."

"Amenisikia," Arlyn alisema.

Winnie alikwenda kumpigia dada yake kumpa habari, kisha akampigia mke wa Marv. Arlyn akachukua kisu na kuendelea kumenya viazi alipoishia mkewe. Alimsikia akicheka sebuleni, akirudia maneno yale yale kwa mtu wa pili, na akamwacha afurahi. Habari ya lile "siyo sasa" la Curtis hakumwambia mpaka kesho yake, waliporudi kutoka ibadani.